UZI: Tuichambue GMAT fungu kwa fungu. Ugumu wake uko wapi hasa?

Tarakimu (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali ya GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, yanarudi kila msimu wa maombi ya MBA, na majibu mengi yanayozunguka bado ni ya mtihani wa zamani. Tuweke mambo sawa hapa. Toleo lililoitwa Focus lilianza Novemba 2023, la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024, na sasa hilo Focus ndilo linaloitwa GMAT basi. Kitabu chenye insha, jiometri au Sentence Correction (kusahihisha sentensi) ni cha mtihani uliokwisha kufa. Usipoteze mwezi wako humo.

Mtihani una mafungu matatu, kila moja dakika 45. Quantitative Reasoning (Quant, yaani hesabu) ina maswali 21, Verbal Reasoning (kusoma na kupima hoja) 23, Data Insights (DI, yaani kuchambua data) 20. Jumla maswali 64 kwa saa 2 na dakika 15, na mapumziko ya hiari ya dakika 10. Mpangilio wa mafungu unauchagua mwenyewe kabla ya kuanza.

Alama ya jumla inaanzia 205 hadi 805 na daima inaishia na 5. Kila fungu lina alama yake, 60 hadi 90, na yote matatu yana uzito sawa. Hapo pana hesabu ya kuiweka kichwani: kila fungu lina nafasi 30 za kupanda, kwa hiyo zote pamoja ni 90, nazo zimetandazwa juu ya nafasi 600 za jumla. Pointi moja ya fungu lolote ni kama pointi 6.7 za jumla. Mtu mwenye Quant 83, Verbal 82 na DI 81 anaangukia karibu na 645. Na 645 ya sasa msiilinganishe na 640 au 650 ya zamani. Kwa jedwali la ulinganisho la GMAC, wenye mtihani wenyewe, 645 inakaa karibu na 700 ya mtihani wa zamani.

Hoja yangu ni hii: hesabu za GMAT si ngumu kwa aliyesoma hesabu za sekondari vizuri. Kinachopimwa ni uamuzi ndani ya muda, yaani swali gani ulifanye, lipi uliachie, lini ukubali kwamba taarifa zimetosha. Na fungu linalopima hilo kwa ukali zaidi ni Data Insights, ambalo wengi wanalisoma wiki ya mwisho. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

---

Namba_Tasa

Asante kwa kuanzisha, mkuu. Nianze na Quant, maana ndiyo inayotisha watu bila sababu.

Yaliyomo ni hesabu za kawaida na aljebra tu: asilimia, uwiano, vipeo, namba tasa, vigawo, baki, kasi na kazi, milinganyo, seti, uwezekano, wastani. Jiometri imeondolewa. Kalkuleta hakuna kabisa kwenye fungu hili, lakini namba zimepangwa zikatike vizuri. Ukijikuta unazidisha 347 kwa 89 kwa mkono, simama, njia uliyoshika siyo.

Muda ni dakika 2 na sekunde 8 kwa swali. Kipimo rahisi: maswali 7 kila robo saa. Ukimaliza la 7 saa ya kioo isome dakika 30 zilizobaki, ukimaliza la 14 isome 15.

Mfano wa jinsi mtego unavyotegwa. Bomba A hujaza tangi kwa saa 6, bomba B kwa saa 4. A linafunguliwa peke yake kwa saa 1, kisha B nalo linafunguliwa. Tangi litajaa saa ngapi baada ya A kufunguliwa?

Acha sehemu. Sema tangi ni lita 12. A hutoa lita 2 kwa saa, B lita 3. Saa ya kwanza zimeingia 2, zimebaki 10. Pamoja hutoa 5 kwa saa, kwa hiyo saa 2 zaidi. Kwenye majibu utaikuta 2 imekaa inakungoja, na aliyesahau kurudi kwenye swali anaibonyeza. Jibu ni 3, kwa sababu swali limeuliza tangu A lilipofunguliwa. Hesabu yote ni ya darasa la saba. Kosa ni la kusoma.

Ndiyo maana nawasihi: kabla ya kubonyeza jibu, macho yarudi kwenye mstari wa mwisho wa swali. Ni sekunde 4, na zinaokoa pointi nyingi kuliko fomula yoyote.

---

Ufunguo

Hapo kwenye DI, Tarakimu, nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kwanza tutenganishe aina zake tano, kwa sababu kila moja ina kosa lake.

Data Sufficiency. Huulizwi jibu, unaulizwa kama taarifa zinatosha kulipata. Kuna kauli mbili, na machaguo matano hayabadiliki kamwe: A, ya kwanza peke yake inatosha, B, ya pili peke yake, C, zote mbili kwa pamoja tu, D, kila moja peke yake, E, hata zikiunganishwa hazitoshi. Yakariri mpaka usiyasome tena siku ya mtihani.

Chukua hili. Je, x ni kubwa kuliko y?
(1) x/y > 1
(2) y > 0

Mwenye haraka anazidisha (1) kwa y, anapata x > y, anabonyeza A. Lakini y ikiwa hasi alama inageuka. Jaribu x = 3, y = 2: uwiano ni 1.5, na x ni kubwa. Jaribu x = −3, y = −2: uwiano bado 1.5, na x ni ndogo. Kauli ya kwanza imetoa "ndiyo" na "hapana", haitoshi. Ya pili peke yake haisemi lolote kuhusu x. Zikiunganishwa zinatosha. Jibu C.

Sasa mtego wa upande wa pili, ambao ndio mbaya zaidi. Kalamu ni shilingi 300, daftari shilingi 700. Mtu amenunua kalamu na madaftari. Madaftari ni mangapi?
(1) Amelipa jumla shilingi 2,900.
(2) Amenunua jumla vitu 7.

Wengi wanasema: vitu visivyojulikana viwili, milinganyo miwili, basi C. Lakini kalamu na daftari hazikatwi vipande, lazima ziwe namba kamili. 3k + 7d = 29. Daftari 1: inabaki 22, haigawanyiki kwa 3. Daftari 2: inabaki 15, kalamu 5. Daftari 3: inabaki 8, hapana. Daftari 4: inabaki 1, hapana. Imepatikana njia moja tu, kwa hiyo (1) inatosha peke yake. Jibu A.

Na usikimbilie kufanya hiyo kanuni. Badilisha jumla iwe 4,300: daftari 1 na kalamu 12 inakubali, daftari 4 na kalamu 5 nayo inakubali. Njia mbili, haitoshi. Lazima ujaribu kwa mkono kila mara. C inapokuja kirahisi mno, shuku kwamba kauli moja inajitosheleza.

Table Analysis. Jedwali la kupangika kwa safu, chini yake kauli tatu za ndiyo au hapana. Usisome jedwali zima. Soma kauli, panga safu inayohusika, jibu, nenda inayofuata. Hapa panaponza watu ni asilimia. Safu ikionyesha ukuaji wa asilimia bila kiasi cha awali, huwezi kusema nani ameongeza tani nyingi zaidi. Na kutoka asilimia 20 hadi 25 ni ongezeko la pointi 5 za asilimia, lakini ni ongezeko la asilimia 25. Watunzi wanaipenda sana hiyo.

Graphics Interpretation. Mchoro mmoja, sentensi zenye mapengo, kila pengo na menyu yake. Fungua menyu kabla ya kukokotoa. Kama machaguo ni 10, 40 na 90, kadirio la jicho linatosha. Soma vipimo vya mihimili yote miwili, kwa sababu wakati mwingine mhimili hauanzi sifuri, au wa kushoto ni maelfu na wa kulia ni asilimia.

Two-Part Analysis. Orodha moja, safu mbili za kujaza. Mfano: basi na lori vimeachana kilomita 360, vinaelekeana, vinakutana baada ya saa 3, na basi lina kasi zaidi ya lori kwa kilomita 20 kwa saa. Orodha: 40, 50, 60, 70, 80. Jumla ya kasi ni 120. Jozi 40 na 80 inatimiza jumla lakini tofauti ni 40, kwa hiyo inaanguka. 50 na 70 inatimiza yote. Lori 50, basi 70. Ukizigeuza safu umekosa swali zima.

Multi-Source Reasoning. Vichupo viwili au vitatu vya maandishi na majedwali, kisha maswali kadhaa yanayovitegemea. Hii ndiyo inayokula muda.

Na hapa ndipo uchungu wa DI ulipo: hakuna alama za nusu. Kauli mbili kati ya tatu sahihi ni sawa na kukosa swali zima. Kwa hiyo swali moja la jedwali lina milango mitatu ya kukosea.

---

Pwani_Kuchele

Swali fupi. Kalkuleta ipo DI. Haisaidii kupunguza ugumu?

---

Ufunguo

Ipo, ya kwenye kioo, na unaibofya kitufe kwa kitufe. Kugawanya tarakimu nne kwa tatu ni sekunde 15 hivi, na kidole kikiteleza unaanza upya. Itumie mwishoni, ukishajua unatafuta nini. Kama swali linauliza "ni zaidi ya nusu?", 4,871 kati ya 9,310 huhitaji kalkuleta: nusu ya 9,310 ni 4,655, umemaliza. Kwenye Data Sufficiency karibu huihitaji kabisa, kwa sababu hukokotoi jibu la mwisho.

---

Mchambuzi_Lugha

Naheshimu hoja ya DI, lakini kwa wasomaji wa humu nasema Verbal isidharauliwe. Sarufi imeondolewa, zimebaki Reading Comprehension (ufahamu wa kifungu) na Critical Reasoning (CR, yaani kupima hoja), na watu wanadhani imekuwa nyepesi. Ni kinyume chake. Sarufi ilikuwa na kanuni za kukariri. Sasa limebaki lile linalotaka usahihi wa kusoma tu, dakika 1 na sekunde 57 kwa swali, na humo mna kusoma kifungu pia.

Tatizo letu mahususi ni maneno madogo, misamiati mikubwa tunaimudu. Neno *some* tunalisikia "baadhi", na Kiswahili ukisema "baadhi ya wanafunzi wamefaulu" msikilizaji anaelewa kwamba wengine wamefeli. Kwenye mantiki ya mtihani huu, *some* ni angalau mmoja, na inaweza kuwa wote. Jibu linalosema "kwa hiyo wengine hawakufaulu" ni kosa, na ndilo linalovutia. Vivyo hivyo *few* na *a few*: la kwanza linasisitiza uchache, karibu na hakuna, la pili linasema wapo kadhaa. *Unless* lisome "isipokuwa kama", polepole, kisha ligeuze kuwa "kama si". Ukiyashika haya manne tu, maswali ya hitimisho yanaanza kufunguka.

Kwenye Critical Reasoning, swali la dhana lina kipimo cha uhakika: kanusha chaguo uone kama hoja inabomoka. Mfano:

"Tangu halmashauri ifunge taa barabarani, matukio ya wizi yaliyoripotiwa yamepungua kwa theluthi moja. Kwa hiyo taa zimepunguza wizi." Dhana ni ipi?

– Taa ni nafuu kuliko kuongeza askari.
– Utayari wa watu kuripoti wizi haujapungua tangu taa zifungwe.
– Maeneo yote yasiyo na taa yana wizi mwingi.

Kanusha la kwanza: taa ni ghali. Hoja haitikisiki, gharama haikutajwa. Kanusha la tatu: yapo maeneo yenye giza yasiyo na wizi mwingi. Bado hoja inasimama, "yote" ni kubwa mno. Kanusha la pili: watu wamepunguza kuripoti. Hapo idadi ya ripoti haisemi chochote kuhusu wizi wenyewe, na hoja imeanguka. Ndilo jibu. Angalia pengo lilipokaa: ushahidi unazungumzia wizi *ulioripotiwa*, hitimisho linazungumzia *wizi*. Neno limebadilika katikati ya sentensi mbili. Maswali mengi magumu ya CR yamejengwa kwenye badiliko la namna hiyo.

Kwenye vifungu virefu, usichukue maelezo mengi. Kila aya andika maneno matatu: inafanya kazi gani? Inaeleza nadharia, inaipinga, inatoa mfano. Swali la undani utarudi kutafuta. Swali la lengo la mwandishi huwezi kulitafuta, lazima uwe umelielewa mara ya kwanza.

---

Tarakimu

Mchambuzi, umeniongezea kitu kuhusu *some*. Nakubali Verbal si nyepesi, ila bado naishikilia DI kwa sababu moja ya kimahesabu: 80 ya DI inakuweka mbele ya watahiniwa wengi zaidi kuliko 80 ya Quant au ya Verbal. Watu wachache wanafika huko. Lakini kwenye jumla zote tatu zinahesabika sawa. Aliye na 76 DI na 82 kwingine, nafasi yake kubwa ya kupanda iko DI, kwa sababu makosa mengi ya huko ni ya utaratibu, si ya maarifa.

---

Saa_Mkononi

Tuje kwenye namna mtihani unavyojipanga, maana humo mna imani potofu nyingi.

Kila fungu linakwenda likirekebisha ugumu wa maswali kufuatana na majibu yako. Ukipata, linalofuata huelekea kuwa gumu zaidi; ukikosa, jepesi zaidi. Matokeo yake, hata mtahiniwa hodari hukosa maswali kadhaa. Hiyo ni kawaida, usihangaike.

"Maswali 10 ya kwanza ndiyo yanayoamua" si kweli kwa namna watu wanavyoitumia. Anayetumia dakika 30 kwenye 10 ya kwanza za Quant anabaki na dakika 15 kwa maswali 11. Humo atakosa mepesi kwa mfululizo, na kukosa mepesi kunaumiza zaidi kuliko kukosa magumu. Na usipomaliza fungu kuna adhabu nzito kwenye alama. Kubahatisha swali la mwisho ni bora mara zote kuliko kuliacha wazi.

Huwezi kuruka swali, lazima uchague jibu ndipo usonge. Lakini unaweza kuliwekea alama ya kurudi, idadi yoyote. Ukimaliza yote na muda ukabaki, ukurasa wa marejeo unafunguka, na unaruhusiwa kubadilisha majibu yasiyozidi 3 kwa kila fungu. Kubadilisha hakubadilishi maswali uliyokwisha pewa.

Utumie hivi: weka alama kwenye maswali 3 au 4 tu, yale ambayo unajua njia lakini hukuwa na dakika. Lile ambalo hukulielewa kabisa usiliwekee, utarudi na kulikodolea macho tena. Aliyeweka alama 9 anatumia dakika zake za mwisho kuchagua pa kuanzia.

Vituo vya kuangalia saa:
Quant: baada ya la 7, dakika 30, baada ya la 14, dakika 15.
Verbal: baada ya la 8, kama 29; baada ya la 16, kama 14.
DI: baada ya la 10, kama 22.

DI ina kasoro kwenye kipimo hicho. Multi-Source ikikujia mapema utakuwa nyuma kwa dakika 2 au 3, na hiyo si hatari. Data Sufficiency ndizo zinazolipa deni hilo. Lenga kuzimaliza chini ya dakika 2 kila moja, na Multi-Source uipe dakika 7 hadi 8 kwa seti ya maswali matatu.

Panga pia mapema kwamba kila fungu utaachia maswali 2 au 3. Yatawanye. Kuachia matatu mfululizo mwishoni kunaonekana kwenye alama.

---

Pwani_Kuchele

Shukrani. Na mpangilio wa mafungu? Nasikia wengi wanasema DI iwe ya mwisho.

---

Saa_Mkononi

Sikubaliani nao kwa wengi. DI ndiyo inayohitaji kichwa kisichochoka, kwa sababu unasoma na kukokotoa kwa pamoja. Kuiweka mwisho ni kuipa dakika zako dhaifu. Jaribu Verbal, DI, mapumziko, Quant. Au Quant, mapumziko, DI, Verbal. Pima mipangilio miwili kwenye majaribio kamili, kisha chagua na usibadilishe tena. Mapumziko ukizidisha dakika 10, muda wa ziada unakatwa kwenye fungu linalofuata.

---

Namba_Tasa

Nyongeza kuhusu mazoezi. GMAC wanatoa majaribio kamili mawili ya bure kwenye tovuti yao ya mba.com. Usiyamalize mwezi wa kwanza. Fanya moja mwanzoni kujua ulipo, la pili wiki mbili kabla ya mtihani. Katikati fanya maswali ya aina moja moja kwa saa ya kuhesabu.

Daftari la makosa liwe na safu nne: aina ya swali, muda uliotumia, chanzo cha kosa, na sentensi moja ya utakachofanya ukikutana nalo tena. Chanzo kiwe kimoja kati ya vinne: sikujua, nilisoma vibaya, nilikokotoa vibaya, niling'ang'ania. "Uzembe" usiandike, haukupi kitu cha kurekebisha. Baada ya maswali 100 hesabu. Kama "nilisoma vibaya" inaongoza, kuongeza fomula hakutakusaidia.

---

Mwanga_wa_Jioni

Wakuu, vipi GRE, ule mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili? Vyuo vingi vinapokea zote mbili.

---

Mchambuzi_Lugha

Ndiyo, shule nyingi kubwa za biashara zinapokea zote. GRE tangu Septemba 2023 imefupishwa, chini kidogo ya saa 2. Ina insha moja ya dakika 30, Quant maswali 27 kwa dakika 47, Verbal maswali 27 kwa dakika 41. Kalkuleta ipo Quant, lakini jiometri nayo ipo. Verbal yake inadai msamiati mpana: kujaza mapengo kwa maneno ambayo huyakuti magazetini kila siku. Ugumu unabadilika kwa sehemu nzima, si swali kwa swali, na ndani ya sehemu unaweza kuruka na kurudi upendavyo.

Mwenye msamiati mzuri wa Kiingereza na asiyependa kubanwa na swali moja moja, GRE inaweza kumfaa. Mwenye mantiki kali na msamiati wa kawaida, abaki GMAT. Fanya jaribio moja la bure la kila upande ndani ya wiki moja, kisha soma tangazo la programu unayoomba kabla ya kulipa chochote.

---

Saa_Mkononi

Na kabla ya kulipa, fungua pasi ya kusafiria. Jina kwenye akaunti ya mtihani liwe kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi, jina la ukoo mahali pa jina la ukoo. Kwetu majina matatu yanapangwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa, cha shule na pasi, na yasipolingana mlangoni hauingii. Pasi iwe haijaisha muda siku ya mtihani.

---

Pwani_Kuchele

Moja la mwisho: alama zikitoka mbaya, shule zinaziona?

---

Saa_Mkononi

Haziendi mpaka uzitume wewe. Unaiona alama kwanza, na matokeo rasmi yakishatoka una saa 48 za kuchagua shule 5 bila malipo. Ukirudia, kati ya mtihani na mtihani lazima zipite siku 16, na ndani ya miezi 12 huruhusiwi zaidi ya mara 5. Alama inadumu miaka 5. Kwa hiyo tarehe ya kwanza iweke angalau wiki 6 kabla ya mwisho wa maombi: siku 16 za lazima, na zinazobaki ni za kurekebisha lile fungu moja lililokuangusha.